Krismasi Tuliyoishona kwa Shilingi Kumi Kumi

Wajukuu zangu, juzi mlipokuja kunisalimu mkiwa watano, mmoja wenu alisema kwamba Krismasi iliyopita ilimkuta ghafla. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nanyi mkatazamana mkidhani ni uzee. Nilicheka kwa sababu tangu nizaliwe Krismasi haijawahi kubadilisha tarehe. Mvua inaweza kukukuta ghafla. Mgeni anaweza kukukuta ghafla, hasa siku umechinja ingokho, kuku wetu wa kienyeji, na harufu imefika barabarani. Krismasi hapana. Hiyo hutangazwa mwaka mzima, na bado inapofika tunaipokea kama polisi aliyebisha mlangoni.

Mliniomba niwaeleze jinsi watu wa hapa Ekero walivyokuwa wakiiwekea akiba. Mimi sijawahi kufanya kazi benki. Nilikuwa fundi wa nguo. Nilikaa kwenye veranda ya duka la kupanga, nyuma ya cherehani moja ya kukanyaga, miaka thelathini na mitatu, hadi macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Lakini mambo niliyoyaona nikiwa kwenye kiti kile bado yananishangaza, na mengine nikiyasimulia nashusha sauti bila kujua.

Kazi nilifundishwa na Mzee Hamisi, Mwislamu wa Mumias, mtu mrefu mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba kama chujio la chai. Alishona kanzu, alishona sare za shule, na kila Desemba alishona nguo za Krismasi za watoto wa Kikristo kutoka hapa, Mayoni, na hata Butere. Nilipofika kwake nilikuwa na miaka kumi na tisa na ulimi mwepesi. Nilimwuliza kwa nini anajichosha na sikukuu isiyo yake. Akanijibu, bila kuinua macho, kwamba sikukuu ya jirani ikiharibika, hata kwako hapakaliki.

Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kukanyaga cherehani. Lilikuwa kukata kadi. Ilikuwa wiki ya pili ya Januari, wakati watu wanapitana njiani wakiangalia chini kwa sababu kila mtu ametumia mpaka pesa ya chumvi. Mzee alichukua maboksi matupu ya uzi, akayakata vipande vya ukubwa wa kiganja, kisha kila kipande akakigawanya kati kwa mkasi wa meno, ule unaoacha ukingo kama mdomo wa mamba. Nusu moja alipewa mama mwenye watoto, nusu ya pili ikatundikwa kwenye msumari ukutani. Meno ya nusu moja yalikubaliana na nusu mwenzake tu, hata ungelazimisha. Mama akileta shilingi kumi za mtoto mmoja siku ya soko, nusu zile ziliwekwa pamoja na kutobolewa tundu moja kwa sindano kubwa. Mama hakuhitaji kusoma wala kuandika. Sijawahi kuona mtu akigombana na tundu.

Mimi nilidharau. Shilingi kumi ilikuwa inanunua nini? Nilimwona mama aliyetoka kupalilia miwa ya watu, vumbi mpaka kwenye kope, akifungua fundo la leso na kutoa sarafu ambazo ningeona aibu kumpa mtoto apeleke sadaka kanisani. Nilidhani Mzee anacheza nao.

Desemba ya kwanza akaniita nyuma ya duka nimsaidie kufungua sanduku la bati. Lilikuwa kubwa kama jeneza la mtoto, naomba Mungu anisamehe kwa mfano huo. Alipoinua kifuniko ilitoka harufu ya kitambaa kipya, ile inayopanda puani kama mvua ya kwanza. Ndani kulikuwa na rangi zote mnazozijua: nyekundu ya damu ya mzee, buluu, manjano ya ua la alizeti, nyeupe yenye maua madogo, na kitambaa kizito cha kijivu cha kaptula. Kila kipande kilikuwa kimefungwa kwa utepe na kubanwa nusu ya kadi yake iliyotoka msumarini. Vifurushi zaidi ya thelathini. Nilishika mdomo. Zile sarafu zote za Januari, za Machi wakati wa njaa, za Juni wakati mvua imeozesha kila kitu, zilikuwa zimelala pale zikiwa nguo. Sikuwa nimeona muujiza kabla ya siku hiyo, nami nilikuwa nimekulia kanisani.

Siri yake aliniambia siku hiyo. Alisema pesa ina masikio, ikisikia shida inaita, inaitika. Kitambaa ni kiziwi. Kwa hiyo hakuacha pesa ya mtu ilale kwake zaidi ya juma moja. Alikwenda Kakamega kwenye duka la jumla, akanunua jora la kitambaa, akalikata kwa mpangilio wa majina kuanzia la juu kwenye orodha yake, la aliyetangulia kukata kadi, akafungia sandukuni. Mama akija Mei akilia kwamba anataka pesa yake alipe ada ya shule, Mzee alimwonyesha kitambaa. Ada ililipwa kwa njia nyingine. Sikuwahi kuelewa ni njia gani, lakini ililipwa.

Tena alinifundisha kwamba ukiitaja Krismasi yote kwa mkupuo, itakutisha. Gauni ni vitu vingi. Alimwambia mama: tuanze na kitambaa cha juu, tukimaliza twende bitana, halafu zipu, halafu vifungo, lesi ya shingoni ije Oktoba. Na wengi wao waliichukua akili hiyo wakaipeleka jikoni. Februari sabuni, Aprili sukari, Julai kilo mbili za mchele ndani ya debe lenye majivu juu ili fukusi wasiingie. Kuku alianza kuhesabiwa akiwa yai.

Sasa nijicheke na mimi kidogo. Mwaka wangu wa pili nilitaka kumwonyesha Mzee kwamba nina bidii. Vitambaa vilivyokuwa tayari mwezi wa Machi nilivipimia watoto, nikavikata, nikashona, nikavipiga pasi. Nguo saba. Desemba ilipofika, watoto walivaa na mikono ikabaki nje kama ya vibarua wanaoosha vyombo. Msichana mmoja alishindwa kupitisha kichwa. Mzee alitazama, akasema, "Umeshona vizuri sana, binti yangu, lakini mtoto uliyemshonea ameshaondoka." Tangu hapo nikajua: kitambaa nunua mapema, mkasi uchelewe. Mtoto apimwe Desemba, na hata hivyo acha pindo la vidole vinne chini na mikunjo miwili juu yake, ili nguo iweze kukua pamoja naye mwaka unaofuata.

Hayo ni mambo ya kuchekesha. Lakini sikuanza kuwasimulia ili mcheke tu. Kuna jambo nililofanya ambalo nusu yenu hamlijui, na wazazi wenu wamelinyamazia kwa kunistahi.

Mzee Hamisi alipozeeka, miguu ilivimba, akarudi kukaa kwake Mumias. Aliniachia cherehani, msumari wenye kadi, na sanduku. Miaka mitatu niliendesha kama alivyonifundisha. Mwaka wa nne nikaamka mjanja. Mwalimu mmoja aliniambia shule yao inatafuta fundi wa sare, ila awe na mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisichanike. Mashine ya mtumba ilikuwa inauzwa Kakamega. Nilipiga hesabu kichwani: nitumie pesa ya kadi, Septemba nilipwe pesa ya sare, Oktoba ninunue vitambaa vyote kwa mara moja, Desemba kila mtu acheke. Hesabu ilikuwa nzuri sana. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba pesa hazikuwa zangu.

Kuanzia Aprili sikununua jora lolote. Juni nikaleta ovaloki na watu wakanipongeza. Septemba shule ikachagua fundi mwingine, na ilikuwa haki yake kuchagua. Oktoba nikaiuza ile mashine kwa nusu ya bei, maana muuzaji mwenye haraka hunukia kutoka mbali. Na miezi yote hiyo akina mama waliendelea kuja siku za soko, wakinipa shilingi kumi kumi, nami nikitoboa tundu. Kufikia Novemba nilikuwa na kadi za watoto arobaini na mmoja. Sandukuni, pamoja na nilivyonunua kwa zile pesa za mashine, kulikuwa na vitambaa vya watoto ishirini na wawili.

Nilikwenda Mumias kwa Mzee Hamisi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kivulini mwa nyumba yake. Nikabisha hodi, nikamwamkia mulembe, akajibu kwa salaam kama kawaida yake, nikamweleza yote nikiangalia vidole vya miguu yangu. Moyoni nilitegemea anikopeshe.  Akauliza, "Umeshamwambia nani?"

"Wewe tu, Mzee."

"Basi kitambaa siyo shida yako ya kwanza. Watu wanakuja kwako hawajui wanachokijia. Waambie siku ya soko, sanduku likiwa wazi. Usiwaambie mmoja mmoja, maana mmoja mmoja utadanganya."

Hakunikopesha hata senti. Nilirudi nikiwa na hasira naye, na nilipofika nyumbani hasira ikaisha, nikabaki na hofu.

Siku ya soko nilimwomba mwenye duka nililopanga anisaidie kulitoa sanduku verandani. Nilifungua kifuniko. Akina mama walipofika kama ishirini hivi niliwaambia nilichofanya, kwa maneno machache, sikuweka sukari. Niliposema "nilitumia", mama aliyekuwa akifungua fundo la leso alilifunga tena.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Protus, aliyekuwa na watoto wawili kwenye orodha, wote wawili hawana kitu sandukuni. Alisema anataka pesa yake na hataki maneno. Alikuwa na haki. Juma lile niliuza pasi yangu ya makaa na kuku wawili nikamlipa, na hakuwahi kukanyaga veranda yangu tena. Tulipokutana njiani miaka iliyofuata tulisalimiana kwa heshima tukapita. Msidhani kila kidonda kinafunga. Kingine unajifunza kutembea nacho.

Wengine walianza kunung'unika, na ningewaelewa kama wangenibeba mimi na sanduku wakanitupa mtoni. Ndipo akasimama Mama Nekesa.

Niwaambie huyu alikuwa nani. Alikuwa mjane wa upande wa Mayoni, mwembamba, aliyepalilia miwa ya watu akilipwa kwa hesabu ya mistari aliyomaliza, na alikuwa na watoto watatu. Shilingi thelathini kila soko. Hakuwahi kukosa. Juma alilomzika mama yake alizituma kwa jirani. Kila Januari alikuwa wa kwanza kukata kadi, kwa hiyo jina lake lilikuwa juu ya orodha, na vitambaa vya watoto wake wote watatu vilikuwemo sandukuni.

"Vilivyomo ni vya watoto wangapi?" akaniuliza.

"Ishirini na wawili."

"Na vyangu vimo?"

"Vimo vyote."

Aliinama, akachukua vifurushi vyake vitatu. Nilidhani anaondoka, na nilifurahi kwamba angalau mmoja hakuumia. Akakaa chini kwenye sakafu ya veranda, akaanza kufungua tepe zake, moja baada ya nyingine, akavitandaza vitambaa vile juu ya vya wengine.

"Fundi," akasema, "mimi sikuleta pesa hapa kwa sababu nakupenda. Nilileta kwa sababu kwangu pesa hailalangi. Nikikufukuza leo, Januari nitaweka wapi?" Kisha akawageukia wenzake. "Watoto wetu wanaenda kanisa moja. Wengine wavae, wengine wakae nyuma ya mlango? Fundi atafute namna. Na asitufiche tena."

Wajukuu zangu, nimesikia mahubiri mengi. Hakuna lililonipiga kama maneno ya mama yule, tena hayakuwa na huruma ndani yake. Yalikuwa hesabu. Aliniona nilivyo, mwizi mwenye cherehani, akapima hasara ya kuniacha na hasara ya kunishika, akaamua. Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani wananipa pesa ili niwape nguo. Kumbe walikuwa wamejijengea mahali ambapo shida haiwezi kuwafuata, na mahali hapo, kwa bahati mbaya, palikuwa mimi.

Mama mmoja baada ya mwingine wakafungua vifurushi vyao, vitambaa vikawa vya watoto wote. Si wote kwa furaha. Mmoja alilia akifungua. Lakini walifungua.

Namna niliyoitafuta ndiyo hii, na mafundi kati yenu mshike. Nguo kuukuu ikifumuliwa, upande wa ndani huwa haujapauka. Jua huila nguo kutoka nje tu. Niliwaomba walete magauni ya zamani, mashati ya baba za watoto, pazia, leso, chochote. Tulifumua, tukafua, tukageuza ndani kuwa nje. Kisha kila mtoto nikamshonea nguo ya rangi mbili: juu kitambaa kipya, chini kilichogeuzwa, au kinyume chake kulingana na umbo. Kaptula nilizipa mifuko ya kitambaa kipya na mkanda wake. Akina mama walikuja kwa zamu, wengine wakifumua, wengine wakipiga pasi ya kuazima, wengine wakishika vifungo. Sikulipisha ufundi hata senti. Wiki tatu mgongo wangu ulikuwa kama ubao.

Siku mbili kabla ya sikukuu Mzee Hamisi alikuja, ameletwa na mwanawe kwa baiskeli, mguu umefungwa kitambaa. Alipitia nguo moja moja, akizigeuza na kuvuta mishono. Nilisubiri neno la faraja. Akasema pindo la ile ya manjano limepinda. Nikalifumua nikalirudia mbele yake.

Asubuhi ya Krismasi nilikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Wakaingia watoto thelathini na tisa. Nyekundu na maua, buluu na mistari ya shati la baba, manjano na kijani cha pazia. Walijipanga mbele kuimba na jua la dirishani likawamulika, na mimi niliyejua kila mshono sikuweza kuona ni wapi cha zamani kinaishia na kipya kinaanzia.  Mgeni kutoka Butere alimwuliza jirani yangu hiyo mitindo inauzwa wapi. Na mwaka uliofuata, niwaambie ukweli, watu waliniletea kitambaa kipya cha rangi mbili nikishone hivyo hivyo kwa bei kamili.

Deni nililipa. Kila mama nilimrudishia thamani ya kitambaa alichopunjwa, shilingi kumi kumi kila soko. Na hapo ndipo nilipojua uzito wa shilingi kumi. Januari ilikuwa rahisi, nilikuwa na toba mpya. Machi mvua ilinyesha, wateja wakapotea, mtoto wangu akaugua tumbo, na siku ya soko ikafika tu na wale akina mama wananisubiri. Nilikula obusuma, ugali wetu, kwa mboga za porini ili niwe na sarafu za kutoa. Mara mbili nilitaka kujificha ndani ya duka. Nilijiuliza Mama Nekesa amefanyaje jambo hili miaka yote, shilingi thelathini kila soko, akitoka shambani kwa mtu. 

Siku hizi mna simu. Mnaweza kuifungia pesa humo isitoke mpaka Desemba, na ni jambo jema, mimi mwenyewe nimewekewa na binti yangu. Lakini nimeona pia mnavyoifungua kabla ya wakati, kidole kimoja tu. Simu ina masikio makubwa kuliko leso. Kama hamna fundi, tafuteni mtu mmoja mnayemwonea haya.

Nilimaliza kulipa mwezi wa Agosti. Juma lile nilikwenda Kakamega nikanunua kitambaa cha zambarau chenye maua meupe, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kununua, nikashona gauni la mtu mzima kwa kukisia umbo. Miaka yote ile kwenye kadi za Mama Nekesa palikuwa na watoto tu. Nilikuwa sijawahi kumpima yeye hata kifua. Alipokuja sokoni nikampa, nikamwambia ni asante.

Alilishika, akageuza pindo, akaangalia mishono. Kisha akalirudisha mezani.

"Zuri," akasema. "Nikatie kadi."

Nilibishana naye. Nilimwambia siuzi, natoa. Akasema zawadi ya nguo ukiivaa unamwona aliyekupa kila unapofunga kifungo, na yeye anataka kujiona mwenyewe. Nikakata kadi.

Alilipa shilingi kumi kila soko, juu ya zile thelathini za watoto, mwaka mzima kasoro wiki chache. Desemba ilipita gauni likiwa limetundikwa ndani ya duka, naye akaja kanisani na gauni lake la kila mwaka. Alikamilisha Julai, siku ya kawaida kabisa, katikati ya msimu wa palizi. Nilimwambia nitalifunga vizuri alihifadhi mpaka Krismasi. Akaniambia hapana, Krismasi yake imefika leo.

Akaingia ndani ya duka, akalivaa. Likamkaa kama vile nilimpima mara kumi. Akarudi verandani, akachukua jembe lake lililoegemezwa ukutani, akaliweka begani, akaaga. Nilisimamisha cherehani. Wauza nyanya waliacha kupanga mafungu yao. Alipita katikati ya soko, zambarau na maua meupe, jembe begani, hakutazama kulia wala kushoto, mpaka akaingia kwenye njia ya kwenda Mayoni, miwa ikiwa imesimama pande zote mbili.